Mdogo wangu kaambiwa misuli ya moyo imevimba. Wiki ya tatu sasa, anataka kurudi uwanjani

Dada_Mkubwa

Habari zenu wakuu. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, anacheza mpira, ni winga. Mwezi uliopita alishikwa na mafua ya kawaida pamoja na kuharisha siku mbili, akapona. Kama siku tisa baadaye akaamka alfajiri kifua kinambana. Akilala chali maumivu yanazidi, akikaa na kuinama mbele yanapoa kidogo. Tukamkimbiza hospitali. Daktari wa zamu alipoona karatasi ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, akatuambia inafanana na ya mtu mwenye mshtuko wa moyo. Miaka 22! Nguvu ziliniisha, nikakaa chini palepale ukutani.

Wakampitishia mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi kwenye moyo, mishipa ikakutwa misafi kabisa. Troponini, kipimo cha damu cha moyo, ilikuwa juu sana. Eko, ile picha ya mawimbi ya sauti, ikaonyesha moyo unasukuma kwa asilimia 48. Ndipo wakasema ni miokaditisi, yaani nyama yenyewe ya moyo imevimba, na chanzo yumkini ni kirusi cha yale mafua. Kalazwa siku sita, karudi na vidonge vya aina tatu. Kaambiwa asiguse mazoezi kwa miezi 6, na ameandikiwa MRI ya moyo (picha ya mashine ya sumaku) ambayo bado hajafanya.

Sasa hana maumivu, anakula vizuri, analala vizuri. Jana jioni nimemkuta kitandani anafunga kamba za viatu vya mpira. Ananiambia, "Dada, nimepona, mwili wangu naujua mwenyewe." Sikuwa na jibu la kumpa.

Ninachotaka kujua: madaktari wana uhakika gani kwamba ni huo ugonjwa, kama hawakukata kipande cha moyo wakakipima? Mbona hakupewa antibayotiki wala dawa ya kuua kirusi? MRI ina haja gani kama mtu hana maumivu tena? Na hiyo miezi 6 ni ya lazima kweli, au ni tahadhari tu ya madaktari?

Kijana_wa_Mtaa

Pole sana dada. Mimi kifua kikinibana huwa nameza aibuprofeni, nikilala naamka mzima. Kama maumivu yakirudi mjaribishe hiyo. Vijana wanapona haraka.

Pumzi_ya_Pili

Dada, pole sana. Nimesoma hadi kwenye zile kamba za viatu nikaweka simu chini, kwa sababu huyo ni mimi kabisa. Nilipata ugonjwa huu nikiwa na miaka 27, sasa nina 31. Nitakuandikia yote ninayoyajua, kisha umsomee na yeye.

Kwanza, ndugu yangu hapo juu, nakuomba ufute ushauri huo. Aibuprofeni na dawa za kundi lake si za kujaribisha kwenye moyo uliovimba. Wanyama wa maabara waliopewa dawa hizo wakiwa na miokaditisi walizidiwa, ndiyo maana madaktari huziogopa. Ila kuna jambo: mtu ambaye maumivu yanapungua akiinama mbele, mara nyingi na mfuko unaozunguka moyo umevimba pamoja na nyama yake. Hapo daktari anaweza kuamua kutoa kolchisini, dawa ya kutuliza uvimbe, au hata dawa za kundi la aibuprofeni kwa kipimo kidogo. Lakini aamue yeye aliyeona vipimo.

Sasa maswali yako, dada.

Uhakika wao. Hakuna kipimo kimoja kinachosema "hii ndiyo miokaditisi" kikamaliza. Daktari anaunganisha ushahidi. Kijana mdogo, mafua wiki moja au mbili nyuma, kifua kinauma, ECG imeharibika, troponini imepanda. Troponini ni protini inayokaa ndani ya chembe za misuli ya moyo. Ukiiona nyingi kwenye damu, ujue chembe zimeumia na zinavuja. Haikuambii zimeumizwa na nini. Yangu ilikuwa 1,260 na kwenye karatasi kikomo kimeandikwa 14, lakini namba hiyohiyo ingeweza kuwa ya mtu ambaye mshipa wake umeziba. Ndiyo maana walimpitishia mdogo wako ule mpira. Mishipa ikiwa misafi na nyama imeumia, basi tatizo liko kwenye nyama yenyewe.

Mimi mwenzenu sikubahatika kupimwa mapema hivyo. Mahali nilipokwenda kwanza nilipewa dawa za vidonda vya tumbo, nikarudi nyumbani. Siku mbili baadaye nilikuwa siwezi kumaliza sentensi bila kuhema. Nilipofika hospitali ya pili moyo ulikuwa unasukuma kwa asilimia 38, wakati wa mtu mzima wa afya huwa 55 na kuendelea. Kwa hiyo huyo daktari wa zamu aliyewatisha na habari ya mshtuko wa moyo, mimi namshukuru kwa niaba yenu. Alichukulia maumivu ya kijana kwa uzito wake.

MRI sasa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mimi mwenyewe nilipoamini kwamba naumwa.

Wanakulaza chali, wanakufunika kifua kwa kitu kama godoro dogo zito, wanakusukuma ndani ya bomba. Mashine inagonga kama fundi wa mabati. Kwenye vipokea sauti anakuja mtu: "Vuta pumzi. Toa. Usipumue." Unabaki hivyo, mapafu matupu, moyo unausikia shingoni. Nilikuwa nahesabu, nafika 12, wakati mwingine 14, ndipo anasema "Pumua." Tulirudia mara nyingi hata nikapoteza hesabu. Kisha wanatia dawa ya gadolini kwenye mshipa, unahisi ubaridi unapanda mkononi, wanasubiri kama dakika kumi, wanapiga picha nyingine.

Siku ya majibu daktari akanigeuzia skrini. Moyo umekatwa kama mkate, unaonekana pete nyeusi, katikati damu nyeupe. Akaweka ncha ya kalamu upande mmoja wa pete, ukingo wa nje. Palikuwa na mstari mweupe mwembamba, kama mtu kapitisha chaki. Akaniambia: ile dawa hukawia pale ambapo nyama imeumia, ndiyo maana panang'aa. Mshipa ukiziba, jeraha huanzia upande wa ndani wa pete, kwa sababu huko ndiko damu ya mishipa inakofika mwisho. Langu lilikuwa nje, ukuta wa pembeni, ndani pamebaki peusi safi. Picha ya namna hiyo ndiyo ya miokaditisi. Kuna picha nyingine inayoonyesha maji ya uvimbe. Wataalamu wana vigezo vinavyoitwa vya Lake Louise, vilitolewa mwaka 2009 na kuboreshwa 2018, vinavyotaka ionekane dalili ya uvimbe na dalili ya jeraha kwa pamoja. Kwa hiyo MRI haihusiani na kama anasikia maumivu leo. Inatazama jeraha liko wapi na ni kubwa kiasi gani. Mhimize aifanye mapema, maana maji ya uvimbe hukauka kadiri wiki zinavyokwenda na ushahidi huo unapotea.

Kukata kipande: Muuguzi au daktari humu ataeleza vizuri kuliko mimi.

Kuhusu antibayotiki, hizo ni za bakteria. Virusi vinavyoleta ugonjwa huu ni vile vya mafua na tumbo, kuna Coxsackie, kuna adenovirusi, kuna pavovirusi B19, kuna influenza, kuna UVIKO. Na mara nyingi siku kifua kinapoanza kuuma, kirusi kimeshafanya kazi yake. Kinachoendelea kuunguza ni askari wa kinga yako mwenyewe, wameingia kwenye nyama ya moyo na hawajatoka. Ukijua hivyo unaweza kusema basi wape steroidi waizime kinga. Walishajaribu. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 111, waliopewa dawa za kuzima kinga hawakuwa na nafuu kuliko wasiopewa. Steroidi zina mahali pake, na mahali hapo zinaokoa maisha, kwenye aina za nadra: miokaditisi ya seli kubwa, ile ya eosinofili, ya sakoidosi, na ile inayowapata wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa dawa za kuamsha kinga. Kwa kijana wa mafua ambaye hali yake ni tulivu, kwa kawaida hapana.

Sasa miezi 6. Dada, mwite akae karibu.

Mdogo wangu, wiki ya saba mimi nilikuwa mzima kama wewe. Nilikuwa nimechoka kuambiwa nikae. Nikasema sitakimbia, nitapanda ngazi tu, ghorofa nne, nijipime. Ghorofa ya kwanza safi. Ya pili safi. Kati ya ya tatu na ya nne nikahisi moyo umeruka pigo moja, kama unapokosa kidato gizani. Halafu ukaanza kwenda kasi isiyo na hesabu, si ile ya kuchoka, hii ilikuwa kama kitu kinatetemeka. Ninachokumbuka baada ya hapo ni shavu langu limelalia ukingo wa ngazi, na kiatu cha mtu karibu na jicho langu, na yule mtu anauliza jina langu.

Hospitali wakanifunga kwenye monita. Usiku ule ikajirudia, sekunde chache, ikanaswa: mapigo ya hatari yanayoanzia vyumba vya chini vya moyo. Daktari aliweka karatasi ile kando ya picha ya MRI, akagusa ule mstari wa chaki, akasema, "Yanatokea hapa." Nyama iliyoumia haipitishi umeme vizuri. Ukiwa umekaa, unaweza usijue maisha yako yote. Ukikimbia, adrenalini inapanda, umeme unafika pale unazunguka wenyewe kwa wenyewe. Mimi niliamka. Wapo wachezaji wenye afya kukuzidi wewe na mimi ambao hawakuamka, na uchunguzi wa maiti ukakuta miokaditisi.

Tena si suala la mapigo tu. Panya walioambukizwa kirusi cha Coxsackie wakalazimishwa kuogelea, mioyo yao iliharibika vibaya kuliko ya wale walioachwa wapumzike. Mazoezi yanaongeza moto wakati nyama bado inaungua.

Kwa hiyo utakapotaka kurudi, usiniambie unajisikiaje. Niambie troponini imerudi kawaida, eko inasomaje, Holta, ile mashine ndogo unayovaa saa 24 kurekodi mapigo, imeonyesha nini, na kipimo cha kukimbia kwenye mashine ukiwa na nyaya kifuani kimeonyesha nini. Muda unaotajwa ni miezi 3 hadi 6, na daktari anaweza kuufupisha au kuurefusha kufuatana na hivyo vipimo. Wangu ulifika 9.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Mkuu Pumzi_ya_Pili kaeleza vizuri, namshukuru. Nafanya kazi wodi ya moyo, naongezea alipoachia.

Kile kipande huchukuliwa kwa kupitisha kifaa kwenye mshipa wa shingo au wa paja hadi chumba cha chini cha kulia, vinanyofolewa vipande kadhaa vidogo kuliko punje ya mchele. Ni kipimo chenye uzito kwa sababu kinaonyesha aina ya seli zilizovamia nyama, hakuna picha inayoweza hilo. Lakini kina hatari zake, chache ila kubwa, mfano kutoboa ukuta wa moyo. Na uvimbe huwa wa madoa madoa: unaweza kunyofoa pembeni ya doa ukapata nyama safi, ukajidanganya. Kwa hiyo tunakiona kwa wale ambao moyo unaporomoka ndani ya siku chache, au umeme wa moyo umekatika, au mapigo ya hatari hayaishi, au matibabu ya kawaida hayawasaidii. Kijana mwenye asilimia 48, presha imetulia na anaendelea kupata nafuu, wengi hawamfanyii.

Dada, hivyo vidonge vitatu ni vipi? Na je, kwenye ukoo wenu kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana?

Dada_Mkubwa

Asanteni mno. Nimemsomea yote. Nilipofika kwenye ngazi alininyamazia.

Vidonge ni bisoprololi, ramiprili na kolchisini. Hizo mbili za kwanza anasema ni dawa za presha na yeye hana presha, anataka aziache. Ukoo: baba yetu mdogo alianguka akafa akiwa na miaka 29, tuliambiwa ni uchovu. Hilo hatukumwambia daktari, hakuna aliyeuliza.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Mwambieni daktari habari ya baba mdogo, kesho kama inawezekana, msisubiri siku ya kliniki. Wapo watu ambao kinachoonekana kama miokaditisi ni dalili ya kwanza ya ugonjwa wa misuli ya moyo wa kurithi. Sisemi ni yeye. Nasema daktari akijua, atasoma MRI kwa jicho lingine, na huenda akataka na wewe mwenyewe upimwe.

Kuhusu dawa asiache hata moja. Ni kweli hutumika kwa presha, lakini hapa kazi ni tofauti. Ramiprili inaupunguzia moyo mzigo wa kusukumia na kuuzuia usitanuke. Bisoprololi inautuliza usiende mbio na kuukinga na yale mapigo mabaya. Kuikata ghafla kunaweza kuamsha mapigo hayo. Kama anasikia kizunguzungu akisimama, aseme, vipimo vya dawa vinarekebishwa. Pombe aiweke mbali kabisa.

Mama_wa_Pacha

Nimepita kimya siku nyingi humu, leo naandika. Binti yangu alikuwa na miaka 9. Jumatatu mafua na kutapika, Jumatano midomo ya bluu. Moyo ulikuwa kama hausukumi kabisa. Aliunganishwa na mashine inayotoa damu mwilini, inaitia oksijeni na kuirudisha, siku saba. Nilikuwa natazama ile mirija miwili, mmoja damu nyeusi, mmoja nyekundu, natofautisha rangi nijue bado yupo. Siku ya nane wakapunguza mashine kidogo kidogo na moyo wake ukashika kazi. Sasa ana miaka 14, eko yake ni ya kawaida.

Naandika ili wenye watoto wajue: mtoto mwenye "homa ya tumbo" anayehema haraka kuliko homa yake, aliye mweupe, mwenye mikono ya baridi, msikubali kurudishwa nyumbani bila mtu kusikiliza moyo.

Msomaji_Tu

Na chanjo za UVIKO? Kuna watu wanasema ndizo zinaleta.

Pumzi_ya_Pili

Zile za teknolojia ya mRNA, kama Pfizer na Moderna, zimethibitika kuleta kwa nadra, hasa kwa vijana wa kiume, mara nyingi siku chache baada ya dozi ya pili, na wengi hupona vizuri. Virusi vya UVIKO vyenyewe pia vinaleta. Mtu aliyewahi kupata maumivu ya kifua baada ya chanjo azungumze na daktari wake kabla ya dozi nyingine. Tusiuhamishe uzi lakini, hapa kuna kijana wa kuangaliwa.

Dada, nakuongezea kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia. Wiki za kukaa ni ngumu kichwani kuliko kifuani. Ukimzuia mchezaji mpira unamnyang'anya marafiki, ratiba na hata usingizi. Mimi niliruhusiwa kutembea taratibu sehemu tambarare, mwendo ambao ungeniwezesha kuongea bila kukatika. Muulizeni daktari kama na yeye anaruhusiwa hilo, na mtembee pamoja. Na ajue dalili za kurudi hospitali mbiombio: kuzimia au kutaka kuzimia, mapigo ya ghafla yasiyo na sababu, kukosa pumzi akilala chali, miguu kuvimba, kifua kurudi kuuma. Hata saa nane usiku.

Kwangu mimi MRI ya pili, baada ya miezi sita, maji yote yalikuwa yamekauka. Mstari ulikuwepo bado, mwembamba zaidi. Hilo ni kovu, halitoki. Moyo unasukuma kwa asilimia 57. Sasa natembea milima, nabeba mwanangu mabegani, kila mwaka nafungwa Holta.

Dada_Mkubwa

Nimerudi na mrejesho. Tulimwona daktari jana asubuhi. Habari ya baba mdogo aliiandika kwa kalamu nyekundu juu ya faili, akaisogeza MRI mbele, itafanyika Jumanne. Mimi pia nimeandikiwa ECG na eko. Kutembea taratibu ameruhusiwa, dakika ishirini, na mimi.

Leo wamemfunga Holta. Vibandiko havikushika kwa sababu ya nywele, ikabidi nimnyoe kifua mimi mwenyewe, ameketi kwenye kiti ananiangalia mkono. Nilipofika upande wa kushoto nikausikia unapiga chini ya vidole vyangu. Akaniuliza, "Unaendaje?" Nikamwambia taratibu. Viatu vyake vya mpira amenipa mwenyewe, viko juu ya kabati langu.